Soda ya tangawizi: itoe gesi kwanza, ndipo utaijua

Leo tuweke siasa na mpira pembeni kidogo tuongelee kinywaji. Tangu nianze kuwekwa kwenye kamati za vinywaji za shughuli za mtaani kwetu (ukimaliza shule ukawa huna kazi ya kueleweka, kamati zote ni zako), swali moja naulizwa kila mara: tangawizi ipi ni nzuri? Ya kunywa hivi hivi, na ya kuchanganyia.

Wengi wetu tukisema "nipe tangawizi" kwa Mangi tunapewa Stoney, tunaulizwa ya baridi au ya moto, tunalipa, mchezo umeisha. Lakini ingia supermarket kubwa, au muulize mdau aliyeko ughaibuni, utakuta chupa kibao. Kuna Stoney, kuna Bundaberg ya Australia, kuna Fever-Tree ya Uingereza, kuna za Schweppes. Bei zinapishana sana, na nyingine zimeandikwa "ginger beer" kubwa kubwa mpaka mtu anajiuliza, hii si pombe kweli?

Msimamo wangu ni huu: usiamini gesi, usiamini sukari, na usiamini jina. Tangawizi nzuri ni ile ambayo ukishaitoa gesi yote bado inauma kooni na bado inanukia mzizi wenyewe. Twende taratibu nieleze kwa nini.

HILO NENO "BEER" LIMETOKA WAPI?

Kinywaji hiki kilianza kupikwa Uingereza kwenye karne ya 18. Watu walichukua tangawizi, sukari na maji, wakatia chachu, wakaacha kichachuke. Ni jambo ambalo sisi tunalijua vizuri: ukiacha togwa siku moja ni togwa, ukiisahau siku kadhaa ni habari nyingine kabisa. Chachu inakula sukari, inatoa gesi na kilevi. Mwaka 1892 mwanasayansi wa Uingereza, Harry Marshall Ward, aliichunguza chachu yao akaonyesha kwamba ni jamii ya viumbe wawili wadogo wanaoishi pamoja, hamira na bakteria.

Siku hizi kuna aina mbili. Ya kwanza ni iliyochachushwa kweli, kama Bundaberg. Viwanda vinadhibiti kilevi kibaki chini ya asilimia 0.5, kwa hiyo haikuleweshi. Ya pili ni soda ya kawaida: maji, sukari, ladha ya tangawizi, halafu inapigwa gesi kiwandani. Stoney iko kundi hili, ni soda kama soda nyingine, ingawa kwa ndugu zetu wa Afrika Kusini inauzwa kwa jina la Stoney Ginger Beer. Umeona? Jina "beer" lipo, pombe haipo.

Sasa kama wewe hutaki hata tone, kwa dini au kwa sababu zako, chagua hiyo ya pili. Kwenye lebo tafuta kama imeandikwa imechachushwa au imetiwa gesi tu. Hukumu ya kidini ya ile asilimia ndogo muulize mwenye elimu, mimi hapo nanyamaza.

Halafu kuna binamu yake, "ginger ale". Hii ni laini, rangi nyepesi, tangawizi inapita kwa mbali tu. Canada Dry, iliyoanzishwa na John McLaughlin kule Toronto mwaka 1904, ndiyo maarufu zaidi. Si mbaya, ila mtu aliyezoea kahawa ya tangawizi ya wazee wa kijiweni ataona kama anakunywa maji yenye umbea wa tangawizi.

KINACHOUMA NI NINI?

Ukali wa tangawizi mbichi unatoka kwenye kitu kinachoitwa jinjeroli. Kinagusa sehemu zile zile za ulimi na koo zinazohisi moto na pilipili, ndiyo maana unasikia joto wakati soda imetoka kwenye friji. Tangawizi ikikaushwa, sehemu ya jinjeroli inageuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Ikipikwa sana inageuka tena na kuwa laini, yenye utamu kidogo. Kwa hiyo tangawizi mbichi inaleta harufu safi kama ya limau, kavu inaleta moto, iliyochemshwa mno inapoa. Mtengenezaji mzuri anacheza na hizo zote.

Lakini kuna ujanja. Vitu vitatu vinaweza kukudanganya kwamba tangawizi ni nyingi kumbe haipo. Cha kwanza ni gesi: ikiwa nyingi inachoma pua na ulimi, unadhani ni ukali. Cha pili ni pilipili: viwanda vingine duniani vinatia dondoo ya pilipili ili kuongeza moto. Cha tatu ni baridi kali, maana kitu cha baridi sana ulimi hauonji vizuri. Ndiyo maana soda mbovu ikigandishwa inaonekana nzuri!

JARIBIO LA KIJIKO

Hili halihitaji utaalamu. Nunueni chupa mbili tatu tofauti, mchange na washikaji. Mimina kila moja kwenye glasi yake, BILA barafu, ikiwa baridi ya kawaida tu. Kisha fanya hivi:

1. Nusa kwanza. Unapata harufu ya mzizi uliotoka kumenywa, au unapata harufu ya pipi?

2. Onja kidogo, meza, halafu subiri ukihesabu mpaka kumi. Ukali wa gesi unaisha mara moja ukishameza. Wa tangawizi unabaki, unashuka kooni, unapasha kifua. Wa pilipili unang'ang'ania midomoni na ncha ya ulimi.

3. Chukua kijiko, koroga kwa nguvu mpaka gesi iishe. Onja tena. HAPA NDIPO UKWELI UNAPOJULIKANA. Ikibaki ladha ya maji ya sukari, ulilipia sukari. Ikibaki tangawizi inayouma, umepata.

Katika kamati moja tulifanya hivi watu wanne tukiwa tumefumba macho. Chupa iliyokuwa na bei ya juu kuliko zote haikushinda. Tuliokoa hela ya maana kwenye bajeti, na bajeti yenyewe ilikuwa ya michango ya watu.

SOMA LEBO KAMA UNASOMA MATOKEO

Viungo kwenye lebo vinapangwa kuanzia kingi kwenda kidogo. Ukiona tangawizi yenyewe imetajwa, iwe juisi, mzizi au dondoo, ni dalili njema. Ukiona neno "ladha" peke yake bila tangawizi kutajwa popote, shaka iwepo. Mashapo chini ya chupa si uchafu lazima. Kwa zile zenye juisi halisi ni kawaida, unaigeuza chupa taratibu kabla ya kufungua.

Angalia na sukari. Tuseme lebo inasema gramu 11 kwa kila mililita 100. Chupa ya mililita 350 ina gramu 38 na nusu, yaani vijiko vya chai zaidi ya tisa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati unayoipata kwenye chakula, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50 kwa siku. Chupa mbili tu umeshapita.

YA KUNYWA NA YA KUCHANGANYIA SI MOJA

Hapa wengi wanachanganya mambo. Ya kunywa taratibu inatakiwa iwe na mizani: ukali wa wastani, sukari isiyokwaza, uchachu kidogo wa limau. Ikiwa kali kupita kiasi utamaliza nusu chupa ukaichoka.

Ya kuchanganyia inatakiwa iwe KALI kuliko unavyopenda kuinywa peke yake. Sababu ni hesabu tu: utatia barafu, barafu itayeyuka (hasa kwa joto hili la Dar), utatia ndimu, na wengine watatia kitu kingine. Kila kinachoingia kinapunguza tangawizi. Ukianza na laini, unaishia na maji matamu.

Kokteli iliyoipa tangawizi jina duniani ni Moscow Mule. Haina uhusiano na Urusi zaidi ya vodka. Hadithi inayosimuliwa sana ni kwamba ilizaliwa Marekani mwaka 1941, John Martin aliyekuwa na vodka ya Smirnoff isiyouzika alipokutana na Jack Morgan aliyekuwa na soda zake za tangawizi zisizouzika. Wawili wenye mzigo uliododa wakatengeneza mchongo! Ni sehemu moja ya vodka, sehemu tatu za tangawizi, ndimu ya kukamua, barafu. Bermuda wana yao, Dark 'n' Stormy, ya ramu nyeusi. Hapa Bongo watu wanatumia Konyagi kwa mpango huo huo, na inakubali.

Utaratibu: barafu kwanza, kinywaji kikali, ndimu, halafu soda MWISHO, ukiimimina taratibu pembeni mwa glasi. Koroga mara moja tu, usiiue gesi. Barafu iwe ya vipande vikubwa, na ya maji salama.

Kwa wasiokunywa pombe, toa pombe tu, vingine vyote acha: tangawizi kali, ndimu, asali kijiko kimoja iliyoyeyushwa na maji ya moto kidogo, majani ya mnanaa. Ni kama ile dawa ya mafua ya nyumbani, ila ya baridi na ya sherehe. Na hapa naomba mnisikilize. Nina mshikaji wangu aliacha pombe. Kila shughuli anapewa chupa ya maji na maswali: "vipi, unaumwa? umeokoka?" Wanaomsukuma arudi hawamwelewi anapigana na nini. Siku tuliyotengeneza tangawizi nzuri kwa wote, glasi zilifanana, ndimu zilifanana, hakuna aliyejua nani katia nini. Alikaa mpaka mwisho wa shughuli. Ndiyo maana nasema kuchagua tangawizi si anasa ya kishua. Asiyekunywa naye ni mgeni wako, mtendee kama mgeni.

TAHADHARI, HAPA SITANII

Tangawizi na sukari zinaficha ladha ya pombe. Faida hiyo ni hatari pia. Kwanza, unaweza kunywa nyingi bila kujua, kwa hiyo pima kwa toti, usimimine kwa jicho. Chini ya miaka 18 usiguse, na ukishaonja usipande bodaboda kama dereva. Pili, kuna vijana wanatumia tangawizi kuficha ladha ya pombe za kienyeji zisizojulikana zilikotoka. Tanzania ilipiga marufuku pombe za viroba kuanzia tarehe 1 Machi 2017, lakini pombe chafu haijaisha mitaani. Kenya mwezi Mei 2014 makumi ya watu walikufa kwa pombe yenye methanoli, na wengine walipofuka. Methanoli huwezi kuitambua kwa ulimi. Tangawizi HAISAFISHI pombe, wala ndimu haisafishi. Kama chupa haina lebo inayoeleweka na nembo ya TBS, iache hapo hapo.

UKITAKA KUTENGENEZA MWENYEWE

Tangawizi bei imekubana? Nenda sokoni. Nchi hii inalima tangawizi nzuri tu, kule Same kwenye milima ya Upare ni zao kubwa. Chukua robo kilo, osha, igawe mara mbili. Nusu ya kwanza twanga, chemsha na maji lita moja na sukari kikombe kimoja kwa dakika 15. Epua, ipoe. Nusu ya pili twanga mbichi, kamua, tia juisi yake kwenye ile iliyopoa pamoja na ndimu mbili. Chuja. Ile ya kupikwa inaleta mwili, mbichi inaleta ukali na harufu. Changanya sehemu moja kwa sehemu mbili za maji ya gesi ya baridi. Inakaa kwenye friji siku chache, na haina kilevi kwa sababu hukutia hamira.

Ukitaka ya kuchachusha, tia hamira kidogo sana, robo kijiko cha chai kwa lita mbili, na TUMIA CHUPA YA PLASTIKI, kamwe si ya kioo. Gesi ikizidi, kioo kinapasuka kama bomu. Acha nafasi juu, ibonyeze kila baada ya masaa machache. Ikiwa ngumu kama chupa ya soda mpya, iingize friji mara moja. Kwa joto la pwani siku moja inaweza kutosha. Na kumbuka hii itakuwa na kilevi kidogo, usiwape watoto wala wasiokunywa bila kuwaambia.

Kwa hiyo kazi ni kwenu wadau. Hata kama zimebaki dakika tano kwenye mashine, shuka hapo chini utuambie: mtaani kwenu mnakunywa tangawizi gani, na ukiikoroga gesi ikaisha, kinabaki nini? Wa Nairobi, Mombasa, Bujumbura na wale wa Muscat karibuni pia. Matusi hapana, mapishi ndiyo.

Tuko pamoja.