Tope Linalonuka na Tope Lenye Sumu

Kati ya dhana potofu zinazomkabili mtaalamu wa mashapo, yaani tope, mchanga na mabaki ya viumbe yanayotuama chini ya bahari, iliyo sugu kuliko zote ni ile inayodai kuwa tope jeusi linalonuka limechafuliwa na mchanga mweupe usio na harufu ni salama. Dai hilo halina msingi. Harufu ya yai viza inayotoka mikokoni ni ya haidrojeni salfaidi, gesi inayotengenezwa na bakteria ambao, kwa kukosa oksijeni, hutumia salfeti ya maji ya bahari wanapoozesha majani. Tope la delta ya Rufiji lilinuka hivyo kabla kiwanda chochote hakijajengwa Afrika Mashariki. Zebaki na risasi zilizoshikamana na chembe za tope hazinuki wala hazionekani, na kwa sababu hiyo maabara haina mbadala.

Kipimo hutajwa kwa miligramu katika kilo moja ya tope kavu, lakini tarakimu hiyo pekee hupotosha. Metali hung'ang'ania chembe laini za mfinyanzi, ambazo kwa wingi wa nyuso zake hubeba mzigo mkubwa kuliko chembe za mchanga. Hivyo ghuba ya mfinyanzi itaonyesha metali nyingi kuliko ufuko wa mchanga hata kama zote mbili hazijawahi kupokea taka. Ndiyo maana tope huchekechwa zibaki chembe zisizozidi mikromita 63, au kiasi cha metali hugawanywa kwa kiasi cha alumini, ambayo ni sehemu ya mfinyanzi wenyewe na kwa kawaida haiongezwi sana na shughuli za binadamu: uwiano ukipanda, metali imetoka kwingine. Taarifa inayolinganisha bandari na ufuko bila hatua hiyo haistahili kuitwa ya kisayansi, hata ikichapishwa kwa herufi nzito.

Kuhusu tope lililochafuliwa kwa metali, mfano wa Minamata, nchini Japani, hauwezi kupitwa kwa haraka. Kuanzia 1932 hadi 1968 kiwanda cha Chisso kilitumia zebaki kuchochea utengenezaji wa asetaldehaidi na kumwaga majitaka baharini; ugonjwa wa mishipa ya fahamu uliowakumba wavuvi na jamaa zao uliripotiwa rasmi 1956, na mwaka 1959 tope karibu na mfereji wa kiwanda lilikutwa na zebaki inayozidi miligramu 2,000 kwa kilo. Serikali ilikiri chanzo mwaka 1968. Mara nyingi husimuliwa kwamba bakteria wa tope ndio walioigeuza zebaki kuwa methili-zebaki, ile inayojikusanya mwilini mwa samaki. Bakteria wana uwezo huo kweli, lakini Minamata sehemu kubwa ya sumu hiyo ilizaliwa ndani ya mitambo yenyewe, na simulizi hilo huhamishia lawama kwenye maumbile.

Kati ya 1977 na 1990 tope lenye zebaki ya miligramu 25 kwa kilo au zaidi liliondolewa au kufukiwa, zikapatikana hekta 58 za nchi kavu. Miligramu 25 kilikuwa kiwango cha kuamulia tope lipi lishughulikiwe, wala si kipimo cha usalama wa kitoweo. Mwandishi anayekitaja kama mpaka kati ya sumu na afya huwapotosha wavuvi, kwa sababu usalama wa mlaji hupimwa katika minofu. Wavuvi wa pwani yoyote wanastahili kuambiwa wazi kuwa ndimu huondoa shombo lakini haiondoi methili-zebaki, iliyofungamana na protini za nyama ya samaki, na kwamba kuchemsha na kukaanga hakusaidii. Taarifa yenye manufaa kwao ni ile inayotaja samaki yupi, wa maji yapi, amekutwa na kiasi gani.