Umehamia nyumba mpya? Ulizia maji kwanza
Hongera kwa kununua nyumba. Unapolipa ada ya kwanza ya chama cha wakazi, uliza: maji ya mtaa hutoka wapi? Mitaa mingi ya Nairobi hutegemea visima virefu, na baadhi yavyo vina floridi nyingi kupita kiasi. Madini haya huharibu meno ya mtoto yangali ndani ya ufizi, hasa kabla hajafika miaka 8. Madoa ya kahawia yakishatokea, hayatoki kwa mswaki. Kuchemsha maji huua viini lakini hakuondoi floridi. Iombe kamati matokeo ya maabara. Ikiwa floridi imezidi miligramu 1.5 kwa lita, mtafutie mtoto maji mengine ya kunywa na kupikia.