Roboti Hutaka Mikono, si Daftari

Neno roboti halikutoka kiwandani; lilitoka katika mchezo wa kuigiza. Mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alilitia katika mchezo wake R.U.R. mwaka 1920, akilichukua kutoka neno la kwao lenye maana ya kazi ya kulazimishwa. Wazee wetu wa pwani wangeliita shokoa. Basi roboti ni mtumwa wa chuma, halifanyi jambo ila aliloamrishwa. Lakini ajabu ni kwamba anayetaka kumwamrisha sharti kwanza atumike yeye mwenyewe, kwa vidole vyake, mpaka vifanye malengelenge.

Hayo niliyashuhudia wakati wa likizo ya shule hapa Msambweni, walipokusanyika vijana 24 wa sekondari kufundishwa kuunda roboti. Kumi tu ndio waliokuwa wachaguliwe kuingia katika timu ya mashindano. Siku ya kwanza mkufunzi hakugusa kompyuta. Alimwaga mezani skrubu, nati, spana na bisibisi, akawaambia kila mtu afunge na kufungua. Wengi wao walikuwa hodari wa fizikia katika mitihani. Mmoja alikaza nati mpaka kipande cha plastiki kikapasuka. Mwingine aliiacha legelege, gurudumu likamtoka na kuviringika mpaka mlangoni. Alama za mtihani hazikuwafaa kitu asubuhi ile.

Nasi watu wa pwani hilo si geni kwetu. Ukimtazama fundi wa mashua pale Gazi au Shimoni, humwoni mwanagenzi wake akiandika. Utamwona ameshika patasi au keekee, akikosea, akikemewa, akirudia. Hata al-Jazari, yule mhandisi wa Kiislamu aliyekamilisha kitabu chake cha mitambo mwaka 1206 huko Diyarbakir, nchi ambayo leo ni Uturuki, alishikilia kwamba elimu ya ufundi isiyojaribiwa kwa vitendo ni elimu ya shaka. Naye ndiye aliyeunda saa ya maji yenye umbo la tembo, ambayo mpaka leo watu huistaajabia.

Lililonichoma moyo lilitokea siku ya pili. Makundi yalikuwa manne, ya watu sita sita, na kila kundi lina sanduku moja la vifaa. Haikupita saa moja, katika kila kundi kijana mmoja mwenye kifua alikuwa amelimiliki sanduku, na watano wamegeuka watazamaji. Msichana mmoja alipewa daftari aandike, eti kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri. Sifa hiyo ilikuwa kufuli.

Hebu tufikiri. Chuoni, je, mtoto husomewa na mwenzake kisha yeye akahesabiwa amehitimu? La. Kila mmoja hukaa mbele ya mwalimu wake na kutamka kwa ulimi wake, na akikosea hurudishwa palepale. Ulimi wa Ali haufundishiki kwa kisomo cha Juma. Basi vipi mkono? Mkufunzi yule, namshukuru, aliliona hilo. Baada ya sala ya adhuhuri alitoa amri: kila robo saa sanduku libadilishe mkono, na aliyekwisha kushika bisibisi afunge mdomo wakati wa mwenzake. Walinung'unika, lakini walitii.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kulipeleka roboti mbele sentimita 110, kisha lisimame. Kundi moja liliandika programu ya muda: nenda kwa sekunde nne. Asubuhi, betri ilipokuwa imejaa, roboti lilipita mstari. Alasiri, betri imechoka, likasimama kabla ya kufika. Wakabishana sana, kila mmoja akimlaumu mwandishi wa programu. Ni yule msichana wa daftari, zamu yake ilipofika, aliyechukua rula na kulipima gurudumu. Kipenyo sentimita 7. Zidisha kwa ishirini na mbili juu ya saba, mzingo ni sentimita 22. Basi mizunguko mitano ni 110. Wakaiamrisha mota ihesabu mizunguko badala ya sekunde, na betri iwe imejaa au imepungua, roboti likasimama pale pale mstarini. Hesabu hiyo wote walikuwa wameisoma tangu shule ya msingi.

Mashindano yenyewe hayana huruma. Katika yale ya kimataifa yaitwayo FIRST Global, mchezo mmoja huchukua dakika mbili na nusu, na nchi huungana katika makundi kushindana. Mwaka 2019 yalifanyika Dubai, na mchezo ulikuwa wa kuondoa uchafu baharini, mipira ikiwakilisha takataka. Nadhani watoto wa Diani, wanaoiona mifuko na chupa ikiletwa ufukoni, wasingehitaji kuelezwa maana yake.

Mzazi mmoja aliniuliza pale nje: binti yangu akichaguliwa, atalala wapi, na nani atakuwa naye? Ni swali la haki, na shule inapaswa kulijibu kabla ya majina kusomwa, si baada yake. Nilimweleza habari ya wasichana sita wa Herat, Afghanistan. Mwaka 2017 walinyimwa viza ya Marekani mara mbili, na vifaa vyao vilikwama forodhani. Mwishowe walifika Washington na vilemba vyao vichwani, wakarudi na medali ya fedha ya ujasiri. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, timu hiyo ya Herat iliunda mfano wa mashine ya kupumulia kwa vipuri vya Toyota Corolla kuukuu na mnyororo wa pikipiki.

Corolla kuukuu na pikipiki! Ukunda zimejaa tele. Siku ya mwisho mkufunzi aliwapeleka vijana kwa fundi mmoja wa magari barabarani pale, nao wakaomba mota ya waipa iliyotupwa. Fundi aliitazama ile nguo safi ya shule ya yule msichana, akacheka, akampa spana ya kumi.

"Haya mwanangu, ifungue wewe," alisema. "Mimi nitakushikia taa."