Sura ya Saba: Azimio Lenye Nusu Mbili

Mkristo wa Korogwe akiulizwa kuhusu ushoga hujibu kwamba ni dhambi, na mara nyingi mazungumzo huishia hapo. Naona hapo ndipo yalipopaswa kuanza. Dhambi ni ipi hasa, tamaa iliyomo moyoni au tendo? Anayesema hakuichagua hali yake, kanisa lina neno gani kwake? Na akitubu leo akaanguka kesho, wokovu wake uko wapi?

Maswali haya yana historia ndefu huku. Korogwe ni makao makuu ya Dayosisi ya Tanga ya Kanisa Anglikana, na askofu wake, Maimbo Mndolwa, alifanywa Askofu Mkuu wa Tanzania mwaka 2018. Waanglikana wa Magila, Korogwe, na Kideleko kule Handeni, walilelewa na wamisionari wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa), watu wa Misa, ubani na kuungama kwa padre. Frank Weston, askofu wa Zanzibar tangu 1908 hadi alipofariki Hegongo mwaka 1924, aliilinda imani kwa ukali mkubwa. Mwaka 1915 alitangaza kuvunja ushirika na askofu wa Hereford, Uingereza, kwa sababu ya mafundisho aliyoyaona potofu.

Kwa hiyo maaskofu wa Tanzania hawakuanzisha jambo geni walipotangaza, Desemba 2006, kwamba ushirika wao na Kanisa la Episkopali la Marekani umeharibika vibaya. Kanisa hilo lilikuwa limemweka wakfu Gene Robinson kuwa askofu mwaka 2003, naye akiishi waziwazi na mwenzi wa kiume. Maaskofu waliongeza kwamba hawatapokea kwa kujua misaada ya wale wanaounga mkono mambo hayo, na kwa kanisa ambalo shule na zahanati zake zimesaidiwa kwa miaka mingi na marafiki wa ng'ambo, hilo si neno dogo. Miezi miwili baadaye maaskofu wakuu wa Anglikana duniani walikutana Dar es Salaam, na baadhi yao wakakataa kushiriki Komunio pamoja na kiongozi wa Kanisa la Episkopali, Katharine Jefferts Schori. Walutheri nao hawakukaa kimya: mwaka 2010 maaskofu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) walitoa tamko la Dodoma kukataa ndoa za jinsia moja.

Msingi wa msimamo wa Waanglikana ulikuwa azimio la Mkutano wa Lambeth, ule wa maaskofu wa Anglikana duniani, wa 1998, lililopita kwa kura 526 dhidi ya 70. Nusu yake moja inajulikana sana: ndoa ni ya mume na mke, wasioitwa kwenye ndoa wajizuie, na matendo ya jinsia moja hayapatani na Maandiko. Nusu ya pili haihubiriwi sana. Humo maaskofu walikiri kwamba wamo miongoni mwetu wanaojiona wana mwelekeo huo, wakaahidi kuwasikiliza, wakawahakikishia kuwa Mungu anawapenda, na wakalaani hofu isiyo na sababu dhidi yao.

Nusu hiyo inagusa swali la tamaa, na hapa Wakristo hawakubaliani. Mtaguso wa Trento wa Kanisa Katoliki, mwaka 1546, ulifundisha kwamba tamaa inayobaki ndani ya mbatizwa inatokana na dhambi na inavuta kwenye dhambi, ila yenyewe siyo dhambi mpaka mtu aikubali. Kanuni 39 za Waanglikana zinasema tamaa hiyo ina asili ya dhambi, lakini aaminiye na kubatizwa hahukumiwi kwa ajili yake. Zinatofautiana kweli, na bado katika zote mbili kijana anayevutwa na asichokitaka hajapotea kwa kuvutwa tu.

Vipi basi kuhusu kuchagua? Mtaani watu hubishana: amezaliwa hivyo au amejitakia? Agostino, askofu wa Afrika Kaskazini, alipopambana na Pelagio, alikataa kwamba binadamu anaweza kujiokoa kwa nguvu za hiari yake. Wote tunazaliwa tukiwa tumepinda, na wote tunahitaji neema. Kwa mtazamo huo, kuthibitisha kwamba mtu hakuchagua hakulihalalishi tendo, wala kuthibitisha kwamba alichagua hakumweki mbali zaidi na msamaha kuliko mzinzi au mla rushwa.

Wapo Wakristo wanaosoma tofauti. Askofu Christopher Senyonjo wa Uganda na Desmond Tutu wa Afrika Kusini waliwatetea watu wenye mwelekeo huo hadharani, na wenye msimamo huo husema Paulo alilenga ukahaba na unyanyasaji wa siku zake, hakuwazia upendo wa uaminifu. Hukumbusha pia habari ya mitala: Lambeth ya 1888 ilimnyima ubatizo mwenye wake wengi, ile ya 1988 ikamruhusu kwa masharti. Mfano huo haunishawishi. Masharti yalimkataza kuoa tena, na yalimruhusu kubaki na wakeze ili wasiachwe bila matunzo. Lakini unaonyesha kwamba kanisa lililoshika fundisho lake linaweza kubadili namna linavyompokea mtu.

Kumpokea huko kunagongana na sheria. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 154, inaweka kifungo kisichopungua miaka 30 kwa tendo hilo. Padre amefungwa na siri ya kitubio, mzee wa kanisa na jirani hawajafungwa, na mwenye mzigo huu analijua hilo. Chukua mtu mmoja tu: hajaoa, anajizuia, anasali, na bado mwelekeo haujamwondoka. Kwa nusu zote mbili za azimio lile hakuna kinachomzuia kupokea Komunio, kuimba kwaya wala kumsimamia mpwa wake kwenye ubatizo. Linalomzuia ni hofu ya waumini wenzake, ile ile ambayo maaskofu waliilaani mwaka 1998, na mapadre wa Korogwe wana mamlaka ya kuikemea mimbarani kwa sauti ile ile wanayokemea dhambi.