Ryangombe Aingiapo Katika Sinema: Ngano Isigeuzwe Silaha

Askari ashikaye zamu ya usiku katika vilima vya Kanzenze, Wilaya ya Rubavu, hulindwa naye na milima miwili. Upande mmoja husimama Karisimbi, wenye mita 4,507, ambao jina lake husemwa kuwa latokana na weupe wa simbi, kwa kuwa kilele chake huvaa theluji siku za baridi kali. Upande wa pili, ng'ambo ya mpaka, upo Nyiragongo, mlima wa moto, uliolipuka tarehe 22 Mei, 2021, na matetemeko yake yakapasua nyumba nyingi za Rubavu.

Wahenga hawakuiona milima hiyo kuwa mawe matupu. Walisimulia kwamba alikuwako mwindaji shujaa, Ryangombe, mfalme wa imandwa. Mama yake alimwonya asiende mawindoni siku ile, naye hakusikia. Nyati akampiga pembe, akaanguka chini ya mti wa umuko wenye maua mekundu. Wenzake nao, kwa masimulizi ya wengi, walichagua kufa pamoja naye kuliko kurudi nyumbani peke yao. Tangu hapo, yasemwa, Ryangombe hukaa Karisimbi pamoja na wale waliokula kiapo chake, na wasiokula kiapo huenda kuungua Nyiragongo.

Ni nani asiyeona kwamba hapa ipo filamu iliyokwisha kuandikwa nusu? Kuna mama, kuna onyo, kuna nyati, kuna uaminifu wa wapiganaji kwa kiongozi wao. Basi haikutushangaza kijana mmoja mtunzi alipotuletea mswada wake, akiomba maaskari vijana wa kucheza nafasi za imandwa. Mswada ulikuwa mzuri. Lakini ulipofika penye Nyiragongo, tulisita. Wale wote waliotupwa motoni walikuwa wamepewa lafudhi moja, lafudhi ya jirani zetu wa ng'ambo ya mpaka. Tulipomwuliza sababu, alijibu bila kuficha kwamba watazamaji humtaka adui wanayemfahamu.

Ndugu wasomaji, jibu hilo lastahili kupimwa kwa makini, kwa maana nchi yetu imekwisha kulilipia.

Mwaka 1861, Mwingereza John Hanning Speke aliviona vilele vya milima hii kwa mbali, akiwa Karagwe. Hakuingia Rwanda. Hata hivyo, katika kitabu chake cha mwaka 1863 alieneza dhana kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walikuwa wageni wenye asili ya Uhabeshi. Ilikuwa ngano ya msafiri, lakini ilivikwa joho la elimu. Wakoloni wakaitumia kupanga watu kwa madaraja, shule zikaifundisha, wananchi wakaamini kuwa ni historia. Tarehe 22 Novemba, 1992, huko Kabaya, katika mkoa wa Gisenyi wa wakati huo, Léon Mugesera alisimama mbele ya umati akaigeuza ngano hiyo kuwa amri: Watutsi warudishwe Uhabeshi kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994 mito yetu ilibeba maiti. Mwaka 2016 mahakama ya Rwanda ilimhukumu Mugesera kifungo cha maisha.

Mwandishi Scholastique Mukasonga aliiweka sumu hiyo katika riwaya yake Notre-Dame du Nil ya mwaka 2012, na Atiq Rahimi akaifanya filamu mwaka 2019. Humo tunamwona mlowezi mzungu aliyejitumbukiza katika ndoto zake, akimvisha msichana wa shule mavazi ya malkia wa kale. Tofauti iko hapo: filamu hiyo inamwonyesha mtazamaji jinsi ngano inavyotengenezwa na ni nani anayeitengeneza. Haimwamuru aiamini.

Na kwa habari ya Ryangombe, kosa la mswada lilikuwa kubwa zaidi, kwani lilipingana na ngano yenyewe. Wahutu, Watutsi na Watwa wote waliingia katika kiapo chake. Ng'ambo ya mpaka, Washi na Wahavu wa Kivu humwita Lyangombe. Warundi humjua kwa jina la Kiranga. Sifa zake zilifika hata Usumbwa na Unyamwezi, katika chama cha Waswezi. Shujaa huyu hana lafudhi moja. Mlango wa Nyiragongo haukufunguliwa kwa kuuliza mtu ametoka wapi. Ulifunguliwa kwa kuuliza kama aliingia katika kiapo pamoja na wenzake.

Wasanii wa Afrika ya Mashariki wamekwisha kuonyesha kwamba kazi hii yawezekana. Mwaka 2023 UNESCO na Netflix zilitoa filamu fupi sita zilizotokana na ngano za Afrika. Walt Mzengi Corey wa Tanzania alileta Katope, mtoto wa udongo afungaye safari ya hatari ili kuondoa ukame kijijini kwake. Loukman Ali wa Uganda alileta habari za Katera, mwanamke aliyeachwa kisiwani afe. Katika filamu hizo mbili, kinachopigwa vita ni ukame na ukatili, mambo ambayo kila mtazamaji aweza kuyachukia bila kumchukia jirani yake.

Mswada tuliurudisha bila kuukataa. Tulimwambia kijana yule kwamba maaskari atawapata, na mlima anao, ila moto wa Nyiragongo usiwe na kabila wala uraia. Alikaa kimya kitambo, kisha akauchukua, akaenda kuuandika upya.

Askari hufundishwa kuikagua bunduki kabla ya kuipokea. Na aikague vivyo hivyo ngano inayomjia kwa picha na muziki: imetoka kwa nani, yamlenga nani, na imekwisha kuua wapi.