Fahamu: Kariakoo ilianzaje?

Moto wa Julai 10, 2021 ulipounguza soko kuu la Kariakoo, Dar es Salaam, wengi waliomboleza jengo. Lakini mtaa wenyewe ni mkongwe kuliko jengo hilo.

Waingereza walipoiteka Dar es Salaam mwaka 1916, waliweka hapa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobeba risasi na chakula cha jeshi vitani. Maelfu yao walikufa kwa maradhi na njaa. Jina la kikosi likatamkwa Kiswahili, likabaki kuwa la mtaa. Historia hiyo inastahili kufundishwa katika kila shule ya jiji.

Soko tulijualo lilibuniwa na Mtanzania, Beda Amuli, na kufunguliwa mwaka 1975. Paa lake la zege limeumbwa kama miamvuli inayokusanya maji ya mvua.

Na desturi za mtaa? Ni nyumba za Kiswahili zenye ukumbi katikati, vyumba pande mbili na baraza mbele, ambako wazee walicheza bao huku muuza kahawa akigonganisha vikombe. Maghorofa yamezimeza nyingi. Ila klabu za soka zingali hapa, Yanga Jangwani na Simba Msimbazi, na siku ya mechi yao utajua.