Wanaofufua Datsun za kale wachunge vumbi na moshi

WAPENZI wa magari ya Kijapani ya mbio ya miaka ya sabini na themanini si haba jijini Nairobi. Mtu akishapata bodi iliyokaa shambani hadi ikaotewa na nyasi, aghalabu njia yake humfikisha Ziwani. Mtaa huu wa Eastlands, ulio jirani na Kariokor na Starehe, umejulikana kwa miaka mingi kwa mafundi wake wa jua kali: wanyooshaji wa bodi, wachomeleaji, wapiga rangi, na wazee wachache ambao bado wanaweza kusikiliza kabureta na kujua inalilia nini.

Chanzo cha mapenzi haya kinajulikana. Mnamo 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa Datsun 1600 SSS, na mwaka uliofuata wakashinda tena kwa Datsun 240Z. Shekhar Mehta alitwaa ushindi kwa 240Z mwaka wa 1973, kisha akashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, akiendesha 160J na Violet GT. Joginder Singh naye alishinda kwa Mitsubishi Colt Lancer mnamo 1974 na 1976. Halafu zikaja Toyota Celica. Kwetu sisi tuliokuwa watoto miaka ya themanini, Pasaka ilikuwa nguo mpya na Safari Rally redioni, na sijui kipi tulikingojea zaidi.

Kwa kuwa sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza nchini gari la kawaida lililozidi miaka minane, anayetaka 160J hulitafuta miongoni mwa yale yaliyosalia humu humu. Mengi huwa yameoza sakafu, yamepakwa rangi juu ya rangi, na tangi lina petroli iliyogeuka kama uji. Hapo ndipo kazi huanza, na hapo pia ndipo mimi, kama daktari wa kawaida, huanza kupokea wagonjwa.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na burudani hii. Mtu anayeinama, kuinuka, kufikiri na kutumia mikono kila Jumamosi ni afadhali kuliko anayekaa kwenye kiti cha baa tangu mchana. Nina mgonjwa mmoja mstaafu ambaye presha yake imekuwa rahisi kuidhibiti tangu alipopata gari la kuhangaikia. Dawa bado anameza, lakini analala vizuri, na mkewe anasema siku hizi anajua alipo jioni.

Shida ni kwamba gari la 1973 lilitengenezwa kwa vitu vya 1973. Baadhi ya vitu hivyo vimeachwa kwa sababu viliua watu, na anayekwangua gari hilo leo huvirudisha hewani.

Tuanze na madini ya risasi. Zamani hizo yalikuwa ndani ya petroli, ndani ya rangi, hasa nyekundu, za manjano na za machungwa, ndani ya rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na hata katika maungio ya bodi yaliyozibwa kwa risasi iliyoyeyushwa. Kenya iliacha kuuza petroli yenye risasi mwaka wa 2006. Rangi ya mwanzo, hata hivyo, bado imo chini ya zile nyingine tatu, ikingoja grainda.

Mtu mmoja wa makamo alinijia na maumivu ya tumbo yanayokuja na kuondoka, choo kigumu, uchovu, na damu iliyopungua kidogo. Alikuwa ameshatibiwa vidonda vya tumbo mara mbili na taifodi mara moja. Nilipomwuliza hufanya nini mwishoni mwa wiki, uso ulimng'aa. Alikuwa amekwangua Lancer yake hadi chuma tupu, kazi ya miezi mitatu, akitumia grainda na msasa mkavu, kitambaa mdomoni. Kipimo cha damu kilionyesha risasi nyingi mno. Hakuwa na kidonda chochote tumboni.

Aliyenitia wasiwasi zaidi ni bintiye wa miaka mitatu, ambaye hakuwahi kugusa gari hilo. Baba alirudi nyumbani na ovaroli, akambeba, na nguo hizo zikafuliwa katika karai moja na za mtoto. Damu ya mtoto nayo ilikuwa na risasi. Yafaa msomaji ajue kwamba mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi iliyomezwa mara nne hadi tano zaidi ya ule wa mtu mzima. Madhara yake huangukia ubongo unaokua: mtoto huwa mzito wa kujifunza, hatulii, na hata masikio huweza kupungua nguvu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwamba kikifika mikrogramu 5 katika desilita moja ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Wakenya tuna somo letu wenyewe. Mtaani Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwadhuru wakazi, watoto wakiwemo, na mwaka wa 2020 mahakama iliamuru walipwe Sh1.3 bilioni, kesi ambayo iliendelea katika mahakama za rufaa kwa miaka kadhaa baadaye.

Familia ile ilihamisha gari, ikapangusa nyumba kwa vitambaa vyenye maji badala ya kufagia vumbi, na kipimo cha mtoto kikaanza kushuka. Lishe yenye madini ya chuma na kalisi husaidia mwili kuikataa risasi, na kwa bahati vyakula hivyo si ghali: maharagwe, sukuma wiki, omena. Viwango vikiwa juu sana kuna dawa za hospitalini za kuitoa, lakini dawa hizo hazina faida kubwa ikiwa mgonjwa anarudi kwenye vumbi lile lile. Risasi hujificha mifupani kwa miaka mingi, na kwa mwanamke hutoka humo wakati wa ujauzito na kumfikia mtoto tumboni. Kwa hivyo mke mjamzito asifue ovaroli hiyo. Afue mwenye gari.

Ziwani nafasi ni finyu. Gari hukwanguliwa hatua chache kutoka kwenye mlango wa jirani, nguo zimeanikwa, watoto wanacheza baina ya magurudumu. Ukitaka kuondoa rangi ya kale, tumia msasa wa maji, au dawa ya kulainisha rangi, ili inayotoka iwe tope na si vumbi. Tandika turubai chini, kusanya tope hilo, usilimwage mferejini. Badilisha nguo papo hapo kazini. Na ndugu zangu wa miraa, nawaomba: kutafuna huku vidole vina vumbi la rangi ni njia fupi kabisa ya kuimeza risasi. Osha mikono kwa sabuni kwanza. Si kwa petroli, ambayo ina benzini inayopita kwenye ngozi na inayojulikana kusababisha saratani ya damu.

Breki zina habari yake. Pedi na shu za miaka ile zilitengenezwa kwa asbesto. Kwa haki, sehemu kubwa ya asbesto hubadilika kwa joto la breki ikawa kitu kisicho hatari sana, lakini si yote, na anayesaga shu ya zamani iliyokaa stoo anapata nyuzi mbichi. Nyuzi hizo huleta saratani ya mapafu na ya utando unaoyazunguka, na ugonjwa hujitokeza miaka 20 hadi 40 baadaye. Usipulize drumu kwa kompresa wala kwa mdomo. Ilowe, ipanguse kwa kitambaa chenye maji, kitambaa ukifunge katika mfuko na kukitupa.

Kuhusu rangi mpya, wengi hudhani harufu kali ya thina ndiyo adui. Thina huumiza kichwa na kulewesha, kweli, lakini iliyo mbaya zaidi ni dawa ya kugandisha rangi, ile ya kopo dogo inayochanganywa na rangi inayong'aa kama kioo. Ina kemikali ziitwazo isosianeti, ambazo ni miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu ya kazini duniani. Ugonjwa huu una hila. Mpiga rangi anaweza kufanya kazi kwa miezi au miaka bila tatizo, kisha anaanza kukohoa usiku, saa kadhaa baada ya kazi, kifua kikilia filimbi. Anapumzika siku mbili anapata nafuu, anadhani ni baridi ya Julai. Mapafu yakishaikataa kemikali hiyo, hata kiasi kidogo sana kitayafunga, na hapo hakuna ujanja ila kuiacha kazi hiyo. Barakoa ya karatasi tuliyoizoea wakati wa korona haizuii mvuke huu hata chembe. Mpiga rangi anayestahili jina hilo huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira. Ikiwa fundi wako hana, mlipie gereji yenye chumba maalumu cha rangi, hata ikibidi gari lingoje hadi mwaka ujao. Limeshangoja miaka 40.

Sasa moshi. Injini ya kabureta isiyo na kifaa cha kusafisha moshi hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, na injini iliyofufuliwa juzi, yenye choki iliyokwama, huitoa zaidi. Gesi hii ndiyo ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa. Haina rangi wala harufu. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na ushei. Kazi ikifanyika nje, upepo huipeperusha, na hii ni moja ya baraka za jua kali. Mvua ikinyesha ndipo gari husukumwa ndani ya kibanda cha mabati, mlango ukafungwa, na injini ikaachwa ikiunguruma ili irekebishwe taratibu.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu kulegea. Mgonjwa wa Nairobi mwenye dalili hizo, nani asiyejua atakachopimwa? Malaria na taifodi. Tofauti ni kwamba huyu hana homa, kichwa humwachilia akitoka nje, na mwenzake waliyekuwa naye kibandani anaumwa vivyo hivyo. Tena kile kifaa cha kubana kidoleni, ambacho siku hizi kila kliniki inacho, hudanganya hapa: hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba gesi hii, kwa hivyo kitaonyesha namba nzuri huku mtu anazirai. Mwambie daktari wazi kwamba ulikuwa na injini ndani ya kibanda. Tiba ni oksijeni kwa barakoa, ambayo hupunguza gesi hiyo kwa nusu katika takriban saa moja na nusu, badala ya saa nne au tano za kungoja kwa hewa ya kawaida.

Kuna tabia moja ambayo ningependa iishe kabisa: kufyonza petroli kwa mdomo kwa mpira. Gari lililolala miaka kumi halina budi kumwagwa petroli yake ya zamani, na kijana wa mkono ndiye hupewa mpira. Petroli ikiteleza kidogo tu kuelekea mapafuni, huyachoma na kuleta nimonia ambayo huweza kumwua mtu mwenye nguvu zake. Mtu akishaimeza, wenzake hufanya mambo mawili, yote mabaya. Humtia vidole atapike, na petroli inapopanda hupata nafasi ya pili ya kuingia mapafuni. Au humnywesha maziwa hadi tumbo lijae, naye akatapika vile vile. Usifanye lolote kati ya hayo. Mpeleke hospitali, hasa akikohoa, akihema haraka au akisinzia, na asiruhusiwe kurudi nyumbani kabla ya saa kadhaa kupita. Pampu ndogo ya mkono hupatikana Kirinyaga Road pamoja na spea nyingine.

Mengine nayapitia kwa haraka kwa kuwa mafundi wanayajua, ingawa kujua ni jambo moja. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Usiingie chini kabla ya kuweka stendi za chuma, na mawe ya kujengea si stendi, kwani hupasuka bila kuonya. Tangi tupu la petroli lisichomelewe. Mvuke uliobaki ndio unaolipuka, na ni hatari kuliko tangi lililojaa. Aliyekatwa na bati aulize sindano yake ya pepopunda ilikuwa lini. Vijidudu vyake hukaa udongoni, na kutu hupewa lawama ya bure.

Na kwa kuwa nimetaja maziwa, wasomaji kadhaa huuliza kama pakiti moja jioni huosha kifua cha mpiga rangi au mchomeleaji. Imani hii imeenea kutoka Ziwani hadi Gikomba, na wapo wenye gereji wanaowanunulia vijana wao maziwa badala ya barakoa. Maziwa hushuka tumboni. Vumbi na mvuke viko mapafuni, na hakuna njia ya kutoka kimoja hadi kingine. Fedha za maziwa ya miezi miwili au mitatu zinatosha kununua miwani ya kuchomelea, glavu na sabuni, na zikabaki za kuanza kuchangia barakoa ya hewa.